Mama Shuka Anapooshwa Miguu

Nyumba ile ya wazee ilianzia kwenye benchi la nyuma la kanisa. Ibada ilikwisha, waumini wakatawanyika, akabaki bibi mmoja kipofu ambaye hakuna aliyekuja kumchukua. Mhudumu wa kanisa akangoja hadi akachoka kungoja, kisha akamfungulia chumba cha kuhifadhia viti alale humo. Jumapili iliyofuata wakawa wawili, utadhani waliambizana.

Shuka zao zilifuliwa na mjane wa jirani, aliyesema atasaidia "siku mbili tatu tu." Siku hizo hazikuisha. Kwa sadaka za watu chumba kikazaa ukumbi, ukumbi ukazaa mabweni, naye akafua mpaka wazee wakambatiza Mama Shuka. Mara nyingine alisimama uani, kibanio mdomoni, akitazama kamba nzima ya shuka nyeupe zikipepea, na moyo ukamjaa. Wote waliozilalia walikuja bila pa kulala, wala hakuwahi kuona mmoja akirudishwa mlangoni.

Sasa magoti yake yalikuwa yamegoma. Alipoanguka kwenye karo la kufulia alisingizia sabuni, lakini Sista mkuu wa nyumba, binti wa umri wa mjukuu wake, hakudanganyika.

"Mama, kuna kitanda wazi pale dirishani. Pumzika sasa."

"Nipumzike? Mimi ni wa kufua, Sista, si wa kufuliwa."

Vitanda vile alivitandika mwenyewe. Alijua anayevilalia harudi kazini. Na bila kazi, yeye ni nani? Akafunga vitu vyake, akaaga kwamba anakwenda kwa mpwa wake. Mpwa mwenyewe alishahama zamani, na kila mtu alijua.

Mlangoni alikuta njia imezibwa. Katika nyumba ile, mzee anayepokelewa kuishi huoshwa miguu na Sista. Leo Sista alisimama kando na taulo. Beseni lilishikwa na Dereva, mstaafu aliyepooza mkono mmoja, akisaidiwa na Bibi Kelele, ambaye hutetemeka hata akilala. Nusu ya maji ilikuwa sakafuni.

"Nipisheni," alisema Mama Shuka.

"Kaa chini!" Bibi Kelele akafoka. "Umejua kila tulipojikojolea. Sisi tukiijua miguu yako, itakuwa dhambi?"

Mama Shuka akakaa ukingoni mwa kiti. Dereva akapiga magoti polepole, kama mtu anayeshusha mfuko wa saruji. Mkono wake mzima ukakishika kisigino kilichopasuka, ukakiosha kwa upole ambao Mama Shuka hakuutarajia kwa mwanadamu. Akakitazama kile kipara kilichoinama mbele yake. Magoti yale yaliyopinda kwa shida yalipinda kwa ajili yake.



"Na katikati ya vidole, baba," Mama Shuka alisema kwa sauti nyembamba. "Kazi nusunusu siitaki."

Akanyoosha mguu wa pili.