Nilimwambia Mdogo Wangu Aweke Dawa Akiba

Kosa ni langu. Hata ningetaka kumsingizia mtu, hapa kwangu nimebaki mimi na kuku.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza form four, nikaja Kitengela, nikapanga nyumba yenye kauwanja nyuma, nikaanza kufuga. Tangu hapo nikionekana nje ya geti watu huuliza nani amekufa. Jirani yangu, Mama Saitoti, huniita Baba Kuku. Wapangaji wengine wa plot waliniita Daktari, kwa sababu ya mkebe.

Mkebe wenyewe ulikuwa wa majani chai. Humo niliweka dawa zilizobaki: za kikohozi, za tumbo, za jino, hata za wapangaji waliohama. Nyumbani kwetu magharibi tulilelewa hivyo. Ukipata nafuu, unaacha kumeza, unaweka akiba. Mtu akija analia na kichwa, nafungua mkebe, nakoroga kwa kidole, namtolea kitu. Nilijiona nimesomea.

Miaka ya elfu mbili hivi, mdogo wangu alipata kazi kwa shamba la maua Isinya, akaja kuishi na mimi. Nitamwita Wafula. Huyo alikuwa redio isiyo na mahali pa kuzimia. Anaanza kuongea akiwa getini, na sufuria zikioshwa bado anaongea: supervisor amesema hivi, msichana wa kufunga maua amemwangalia vile. Mimi nilikuwa nalalamika. "Hebu pumua," namwambia. "Hata kuku wanataka kulala."

Akashikwa na pua. Na vumbi la huku, nani hajashikwa? Lakini yake iliziba kabisa, na uso ukamuuma juu ya macho. Kliniki wakampa vidonge vya rangi mbili, wakamwambia amalize vyote. Alipofika katikati akapata nafuu.

"Brathe, walisema nimalize."

"Umalize, kwani ni ugali? Si umepona? Weka kwa mkebe."

Akaweka. Mimi ndiye mkubwa, ungetaka afanye nini?

Haikuchukua muda kichwa kikarudi, safari hii na homa. Nikasema ni malaria, nikamchagulia dawa kwa mkebe. Paji la uso likafura, ukigusa linabonyea. Nikamtania: "Unaota pembe? Chunga, watu wa hapa watakuchunga na ng'ombe wao." Alicheka kidogo, halafu akatapika.

"Brathe, nipeleke hospitali."

"Kesho."

Nilisema kesho, na kesho yake nikasema kesho. Nilikuwa na kuku wa kuchanja, hiyo ndiyo sababu niliyompa. Ukweli ni kwamba sikupenda kukaa kwa benchi na watu nisiowajua. Mtu mzima, naogopa benchi.

Asubuhi moja nikampa chai, kikombe kikaanguka. Mkono wa kushoto haukukishika. Nikacheka. "Sasa hata chai imekuwa nzito?"

Hakujibu. Wafula, akose jibu! Hapo ndipo ningepaswa kujua.

Mama Saitoti akaja kununua mayai. "Sopa, Baba Kuku," akanisalimu kwa Kimaasai. Hakungoja niitikie. Aliangalia ndani, akaona ule mkono unarukaruka peke yake, na mdomo umeenda upande.

"Hii ni mafua ya wapi? Toa huyu mtu hapa!"

Shemeji yake alikuwa anaelekea Kajiado na pikapu, na gari lingine hatukuwa nalo. Tukamlaza nyuma. Nilimshika kichwa njia nzima, na kwa mara ya kwanza nikamwomba aongee. Alilala tu.

Kajiado tulimpata daktari msichana. Alibonyeza paji la uso, akamjaribu mikono, akamulika macho. Akaniuliza alianza na nini. Nikasema pua. Akaniuliza kama dawa za pua alimaliza.

"Alimaliza," nikasema.

Nilidanganya nikimwangalia usoni. Mkebe, niliokuja nao nimwonyeshe dawa, ulikuwa kwa mfuko wa plastiki, miguuni pangu.

Akasema anashuku usaha umeingia ndani ya fuvu, na hawezi kuwa na hakika bila picha ya kichwa, na mashine hiyo iko Nairobi. Akamwekea dawa kwa mshipa, akatafuta ambulensi. Huko picha ikaonyesha usaha umetanda juu ya ubongo, chini ya ngozi yake ngumu, kama uji ulioganda kwa sufuria. Walifungua fuvu wakautoa. Halafu sindano, wiki kwa wiki. Walinieleza ulitoka kwa pua, ukapenya mfupa. Hakuna aliyeniambia ni dawa iliyokatizwa. Sikuwapa nafasi ya kuniambia.

Aliishi. Lakini mkono haukurudi wote, na kuna siku anaanguka kifafa. Kazi ya maua ikaisha. Mama akaja akamchukua, akampeleka nyumbani, na hakuniuliza kitu.

Sasa hapa kumenyamaza mpaka nasikia kuku wakimeza maji. Jioni nikisikia geti, bado nageuka.

Huwa ananipigia Jumapili. Maneno yanamtoka moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwa mchele. Mimi niliyekuwa namwambia apumue, nangoja. Na kila mara, kabla ya kukata, anasema jambo lilelile.

"Asante, brathe. Wewe... ndiye... uliniokoa."

Mimi husema, "Sawa, lala salama." Hajui nilichomdanganya daktari kuhusu zile dawa. Nimeanza kwa kukuambia wewe, kwa sababu wewe hutanishukuru.

Kama kwako kuna mkebe, umwage chooni leo. Mtu akiambiwa amalize dawa, mwache amalize. Na mafua yakirudi na kichwa, homa, na uso kufura, usitafute utani. Mpeleke. Mtacheka mkiwa kwa benchi, na akinyamaza utakuwa karibu na mtu wa kumwita.