Nimemshika mkwe wangu mkono kwenye chumba cha X-ray Musoma, kisa diski ya seva

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wajukuu marahaba hata kama hamjanisalimia.

Mimi ni bibi wa Guta, Bunda. Shule niliishia la tatu. Naandika mwenyewe na kidole kimoja, kwa hiyo herufi zikikosea mnivumilie. Uongo hamtaukuta humu. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Nianze na mjukuu wangu Nyangeta. Jina ni langu, mimi ndio nilimpa. Ni fundi wa zile kompyuta kubwa za maofisini, wanaitaga seva. Yuko Musoma mjini. Nasema mapema ni seva, maana watu wa Guta wakisikia fundi kompyuta wanamleteaga redio.

Sasa kisa.

Mzee wangu alidondoka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akitoka kupeleka pamba. Akainuka, akajifuta vumbi, akasema mzima. Jua lilivyozama akaanza kunifokea kama mimi ni mama yake mzazi. Nikajua kichwa kimeharibika.

Bunda wakasema hatumuwezi, mpelekeni Musoma. Tukapita Kiabakari mimi namshikilia kichwa kama yai. Musoma wakampiga picha ya kichwa kwenye mashine ile unaingizwa kama mkate kwenye oveni. Damu imevujia ndani ya fuvu. Lazima afunguliwe. Daktari wa vichwa alikuwa njiani anatoka Mwanza.

Alfajiri ikaja mvua ya ziwani, na radi. Mnaijua radi ya Musoma.

Ikapiga hospitali. Mashine ya kupiga picha za kichwa, kwisha. Na kitu kingine, swichi ya mtandao, nayo kwisha.

Kwa hiyo mzee hawezi kupigwa picha tena. Ile ya jana ndiyo hiyo hiyo, na haifunguki. Daktari anafika asubuhi hiyo. Bila picha hagusi fuvu la mtu, na ni haki yake.

Hospitali wakamwita fundi. Fundi mwenyewe ni nani? Nyangeta wangu. Nikasema Mungu wa Guta hajalala.

Alipopita na mabegi yake nikamuuliza, wajina, picha ya babu yako imekufa?

"Haijafa bibi. Picha hazikai kwenye kompyuta unazoziona. Zinakaa kwenye kabati moja la diski, linaitwa storage. Seva zinalifikia kwa kupitia swichi. Swichi imeungua, nimefunga mpya. Sasa kila seva iambiwe upya njia iko wapi, na kabati nalo liambiwe nani aone nini."

"Si uziambie zote mara moja?"

"Hazisikii lugha moja. Ya kuandikisha wagonjwa ni Windows. Ya picha ni Linux. Kila moja ina namna yake ya kuambiwa."

Nikaelewa haraka. Ni ghala moja la wake wawili, kila mke na fungu lake. Umejenga mlango mpya, basi kila mmoja umuonyeshe upya fungu lake. Ukichanganya, kuna vita.

Seva ya Linux iko jengo la nyuma, Nyangeta akaenda huko. Ile ya Windows imewekwa kwenye kona ya chumba cha X-ray, na anayefanya kazi humo ni mkwe wangu, Baba Debora, mume wa binti yangu wa mwisho. Kwao Butiama.

Hapa wale wa mbali nisikilizeni vizuri. Sisi mtu na mkwe wake wa kiume hatuzoeani. Hatushikani mkono, hatuli pamoja, hatukai chumba kimoja. Akinikuta njiani anatoka njiani. Nikitaka kumwambia jambo natuma mtu. Baba Debora hiyo heshima anaishikilia kuliko hata wazee wa kwao. Harusi yao alinisalimia akiangalia viatu.

Kwa hiyo mimi nikakaa benchi la korido, nimeupa mlango mgongo. Yeye ndani, yuko kwenye simu na Nyangeta, anamsomea kinachotokea kwenye kioo.

Simu yake ikaisha chaji. Soketi za mle ndani zilikufa na radi, imebaki ya ile kompyuta tu. Akatoka kuichomeka koridoni karibu na benchi langu, amejibana ukutani kama mwizi, mimi nikajifunika kanga usoni mpaka akapita. Akarudi ndani.

Haikupita muda simu yangu ikalia. Nyangeta, anahema.

"Bibi! Baba mdogo yuko wapi?"

"Ndani humo."

"Mwambie asibonyeze kitu! Diski ya picha nimeionyesha Windows kwa bahati mbaya. Haiijui, itamuuliza aiformat. Akikubali zimefutika zote. Na ya babu! Nakuja!"

Format sikuijua. Zimefutika nilisikia. Na ya babu nilisikia.

Nikaangaza korido. Hakuna nesi, hakuna mfagiaji, hakuna mtu wa kumtuma. Nikafanya tunavyofanyaga ukibanwa, unaongea na kitu. Nikapaza sauti, "Wewe ukuta! Mwambie Baba Debora asiguse hiyo kompyuta!"

Wakuu, hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Baba Debora kusikia sauti ya mama mkwe inamtaja, akafanya adabu. Akageuza uso, akauinamishia ukutani kabisa. Lakini mkono haukugeuka! Mkono umebaki kwenye mouse, kidole juu. Nilichungulia nikaona. Kwenye kioo kuna kiboksi chenye alama ya hatari ya njano. Baadaye Nyangeta aliniambia kile kilikuwa kiboksi cha mwisho. Vile vya kwanza alishavikubali, maana daktari ameshafika getini na yeye alitaka mambo yaende.

Na akajibu, akiongea na ukuta wake: "Ukuta, mwambie mama asiwe na wasiwasi, imebaki kubonyeza OK tu."

Sikumbuki kuvuka ule mlango.

Nakumbuka nimemshika mkwe wangu mkono. Kiganja kwa kiganja. Nimeuvuta kwa nguvu za kung'oa muhogo, mouse ikaja nayo juu, waya unaning'inia.

Alipiga ukunga yule mwanaume, mnaweza kudhani nimemmwagia uji wa moto. Kiti kule, yeye kule. Akavuta lile aproni zito wanalovaaga wa X-ray, akajifunika gubigubi kwenye kona. Anasema tu, "Mama umeniua. Mama umeniua."

Mimi nimesimama na mouse hewani. Sijui kama nikiiweka chini inabonyeza au vipi.

Nyangeta akaingia, kiatu kimoja amekiacha uwanjani. "Bibi, usiiachie na usiibonyeze." Akanibandua vidole taratibu, kimoja kimoja. Akabonyeza Cancel.

Halafu akakaa chini sakafuni.

"Kosa ni langu bibi. Windows haina kosa, imeona diski haielewi maandishi yake ikadhani ni tupu. Mimi ndio nilisajili seva zote mbili kwenye kundi moja kule kwenye storage."

Nikamwambia kulia utalia kesho, amka. Akaamka. Akaizuia Windows isiiguse ile diski, akarudi kwenye storage akatenganisha, kila seva na fungu lake. Kisha akaiambia Linux itazame upya. Daktari ameshasimama mlangoni, mikono kiunoni.

Kichwa cha mzee wangu kikatokea kwenye kioo.

Walimfungua siku ile ile. Damu ikatolewa. Yuko nyumbani, anakula ugali na sato, na ananigombeza chumvi.

Upande wa mkwe, ilibidi wazee wakae. Wa Butiama walisema nimevunja mwiko. Wa kwetu wakasema mwiko umevunjwa na radi. Mwisho yeye akaleta mbuzi, mimi nikampa blanketi, tukasafishana. Lakini akinisikia nakohoa bado anabadilisha njia.

Nilichojifunza, na nyie mafundi msome hapa. Nyangeta sasa kabla ya kuonyesha seva diski yoyote anachomoa kwanza njia ya seva nyingine. Anatengeneza kundi la kila seva peke yake, anahakikisha, ndipo anachomeka. Na amewalazimisha hospitali waweke nakala ya picha mahali pengine, maana kichwa cha mtu hakikai ghala moja.

Sisi wa la tatu tuchukue hili moja: kompyuta ikikuuliza jambo usilolielewa, jibu ni hapana. Hata kama bosi yuko mlangoni.

Kinachonisumbua ni hiki, na nawauliza hasa watu wa Mara, msinionee haya. Kuna bibi mwenzangu wa Kisorya aliniambia yeye asingeingia, angebaki benchi, heshima kwanza. Nikamuuliza, na mumeo je? Akaanza kuchambua mboga.

Wewe ungeingia, au ungebaki benchi? Semeni.