Dansi kwa Mwenye Eda

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha mapazia, na mvua ya vuli ikanikuta Mtaa wa Swahili. Unaijua ile mvua, rafiki yangu, haipigi hodi. Nikajibanza mbele ya duka la spika. Kijana mwenye duka akanipa shikamoo na kiti, kisha akaendelea kujaribu spika zake kana kwamba amedhamiria kunipasua masikio. Nilipotazama huku na huku nikatambua kwamba ghorofa lile lililokuwa likinivujia maji mgongoni limesimama pale pale ilipokuwa nyumba ya bibi yangu. Nilizaliwa pale. Sikumwambia kijana, maana angedhani nimekuja kudai kiwanja.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba vya wapangaji huku na huku, na uani kulikuwa na jiko, kisima na mpapai mmoja uliokataa kuzaa. Ng'ambo ya ukuta wa ua ndipo ilipokuwa klabu ya jazz. Usifikirie jumba kubwa. Ulikuwa ukumbi wa bati wenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa na viatu vya watu mpaka ikang'aa, na madirisha ya mbao yaliyofunguka upande wetu. Miaka ile ya hamsini kila mtaa wa maana ulikuwa na bendi yake, na vuli ndiyo ilikuwa majira ya kushindana. Jumapili alasiri, mvua ikipumzika kidogo, watu walivaa wakaenda dansi. Wanawake wa klabu yetu walishona sare kwa kitambaa cha Mhindi mmoja wa Mchafukoge, ambaye alizijua rangi za klabu zote za mjini na hakukubali hata siku moja kuwauzia wapinzani kitambaa cha rangi moja. Sisi watoto tuliota moto pamoja na ngoma, kwa sababu unyevu wa vuli hulegeza ngozi, na kabla ya muziki ilibidi ziwekwe karibu na mkaa mpaka zikaze. Harufu ya ngozi ya moto ikichanganyika na ya vitumbua vya bibi, hapo ndipo nilipojua ni Jumapili.

Bibi alisema hapendi dansi. Dansi, alikuwa akisema, ni kelele za watu walioshiba. Hata hivyo, kila bendi ilipoanza, aliihamishia mbuzi yake ya kukunia nazi kando ya ukuta, akidai kwamba huko ndiko kwenye kivuli. Mara nyingine hapakuwa na jua lolote.

Chumba cha mwisho karibu na jiko walipanga mpiga tarumbeta wa klabu na mkewe. Mume alifanya kazi bandarini, mrefu, mwenye aibu, akizungumza utafikiri ana deni na wewe. Mkewe nilimwita mama mdogo ingawa hatukuwa na udugu. Hawakuwa na mtoto. Jioni mume akirudi kazini alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akaweka tarumbeta mdomoni, na yale maneno yote aliyoshindwa kuyasema yakatoka. Alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya mkewe. Ulianza na tarumbeta peke yake, taratibu, kisha likasita, ndipo gita likaingia. Pale tarumbeta liliposita, mama mdogo aliacha kupeta mchele na kuinamisha uso kuficha tabasamu. Wapangaji wote walilijua hilo, na walikuwa wakimtania.

Mwanzoni mwa vuli moja mpiga tarumbeta aliugua homa. Haikumkawiza. Nakumbuka viatu vingi mno ukumbini, na bibi akiwagawia wageni kahawa. Baada ya mazishi mama mdogo akaingia eda. Miezi minne na siku zake hatoki nje ya nyumba, hajipambi, hajitii manukato, wala hazungumzi na wanaume wasio ndugu zake. Bibi ndiye aliyemsimamia, na mimi nikahamishiwa chumbani kwake nilale naye, maana ilikuwa desturi mjane asiachwe peke yake. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na nilijivunia kazi hiyo kama mtu aliyepewa cheo.

Klabu nayo ikafanya heshima yake. Walifunga madirisha yote ya upande wetu, wakafunga na mlango, wakaamua kwamba muziki hautapigwa ukutani kwa mwenye eda mpaka eda iishe. Jumapili walikwenda kupiga katika kumbi za watu, Gerezani na Ilala. Mazoezi wakahamishia bonde la Jangwani, tena katika vuli! Tuliwaona wakirudi matope magotini, mbu wamewapamba nyuso, ngoma zimelowa hata mkaa wa kuzikausha haukutosha. Walipokaribia nyumba yetu walivua kofia na kupita kimya. Klabu ya wapinzani iliwacheka kwamba sasa ni bendi ya vyura. Lakini wazee wa mtaa waliwasifu sana. Walisema vijana hawa wamelelewa.

Mtaa wetu haukuwa umewahi kuwa kimya namna ile. Siku moja mchana, mvua ikigonga bati, mama mdogo alikuwa akinisuka. Vidole vyake vikasimama katikati ya nywele zangu. Nilidhani amepata chawa.

"Ule wimbo wake," akaniuliza, "unakumbuka unavyoanza?"

Nikamwambia nakumbuka, nikajaribu kuuimba, nikakosea. Naye akajaribu, akakosea vilevile, akarudia, akaacha. Akaniambia kwamba wiki za kwanza alikuwa akiusikia wote kichwani. Sasa kila siku unapungua, kama sabuni. Picha yake hakuwa nayo, na wimbo ule haukuwa kwenye santuri yoyote. Akasema akimaliza eda atatoka nje akiwa hana tena sauti ya mumewe, na kwamba hilo linamwogopesha kuliko lile kaburi. Alilia bila kutoa sauti, akaendelea kunisuka, na msuko ule ulikwenda upande.

Nilimwambia bibi. Nilitegemea nitagombezwa kwa kubeba maneno ya chumbani. Badala yake alimaliza kuondoa mawe katika kunde, kisha akajitanda kanga akaenda kwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Mwalimu, kwa jinsi bibi alivyotusimulia, alikuna ndevu. Akasema mwenye eda amekatazwa kutoka, kujipamba na kuposwa. Kuhusu muziki wa jirani ng'ambo ya ukuta, hakukumbuka kusoma mahali. Akamwomba asimuulize mara ya pili.

Kazi ilikuwa kwa kiongozi wa bendi. Alikuja uani kuitika wito, kofia mkononi, akaombwa afungue madirisha na kuupiga wimbo ule, akakataa kabisa. Alisema watu watawaona hawana haya, mwenzao hata kaburi halijakauka nao wanapiga dansi mlangoni kwa mjane wake. Alisema wameteseka Jangwani kwa ajili ya heshima hiyo na hawawezi kuitupa. Bibi alimwacha amalize.

"Mnamheshimu nani, mwanangu?" akamwambia. "Aliyekufa hasikii. Aliye hai mmemziba masikio, na hamkumuuliza."

Yule mtu mzima akabaki anaizungusha kofia yake. Kisha akaivaa akaondoka, na mimi nikaamini tumeshindwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, tulisikia komeo la mbao likigongwa ng'ambo. Dirisha la kwanza likafunguka, halafu la pili, yakilia kwa kukaa muda mrefu na mvua. Harufu ya ngozi za ngoma ikavuka ukuta. Wanawake wa nyumba walitokea milangoni mmoja mmoja. Mama mdogo alikuwa chumbani kwake, mlango wazi nusu, nami nimeketi kizingitini.

Gita likaanza, likaacha. Likaanza tena, likaacha tena. Wimbo ule haukuwa na mlango mwingine. Mlango wake ulikuwa tarumbeta, na hawakuwa wamemchukua mtu mwingine wa kulipiga. Tulimsikia kiongozi akihesabu, na baada ya kuhesabu hakuna aliyeingia. Nilimwonea huruma.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu. Mama mdogo alikuwa ameufumba mdomo, anauanza wimbo kwa mguno, taratibu, vile vile kabisa, na safari hii hakukosea. Sijui aliutoa wapi. Labda ilihitaji lile gita limwite. Wanawake wakamgeukia bibi, maana mjane kutoa sauti ya wimbo, na wanaume wapo ng'ambo ya ukuta, ni jambo ambalo kwalo bibi huyu huyu angemkemea mtu yeyote. Bibi alikuwa na ungo mapajani. Aliendelea kupeta, ila polepole sana, mchele usipige kelele. Mama mdogo alipofika pale tarumbeta lilipokuwa likisita, akasita. Gita likaingia.

Waliupiga mpaka mwisho, na kila ilipofika zamu ya tarumbeta walishusha vyombo, wakamwachia nafasi. Mara nyingine aliijaza. Mara nyingine alishindwa, ikabaki wazi hivyo hivyo, nasi tukaisikiliza.

Maneno hayakukosekana. Yupo jirani aliyesema mjane ameimba na matanga hayajapoa, na bibi akamjibu kwamba akifiwa yeye tutamletea pamba za masikio. Mama mdogo alimaliza eda yake, akaoga, akavaa, akarudi kwao Tanga. Aliniachia kitana chake. Sikumwona tena. Baadaye klabu ilivunjika, kama klabu zote. Ukumbi ukawa ghala la viazi, halafu gereji, halafu sijui nini. Bibi alikufa bila kukiri kwamba anapenda dansi. Siku hizi Kariakoo ina muziki kuliko wakati wowote, kila duka na wake, na wote unapigwa kwa wakati mmoja. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba zamani mtaa mzima uliweza kunyamaza kwa ajili ya mtu mmoja, ukakosea, na bado ukakubali kuambiwa.

Mwaka juzi mume wangu naye alitangulia, nami nikakaa eda. Wanangu ni watu wema. Walizima redio, wakazima televisheni, wakawaomba na majirani wapunguze sauti, na hakuna aliyeniuliza. Nilivumilia wiki kadhaa. Halafu nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia, washa. Akachukua simu yake, mtoto mwenye adabu, akaniambia humo zimo nyimbo zote za dunia.

"Niweke upi, bibi?"

Ule wa mama mdogo haukuwamo. Nikaufumba mdomo, nikauanza mwenyewe.