Sukari ya Wageni wa Mtoto

Nimepikia watu kwa mshahara tangu ndevu hazijaniota vizuri, na kwa miaka yote ile ya mwanzo sikuwahi kuinjika sufuria nyumbani kwangu. Tulikuwa hivyo wapishi wengi wa majumba ya wakubwa Osta Bei tulioishi Kinondoni. Mchana unakaanga, unaoka, unapamba sahani kwa majani ya kotimiri. Jioni ukifika kwako unajitupa mkekani kusubiri ugali, utadhani hujui hata moto unawashwaje. Mwanamume kushika mwiko kwa mshahara ilikuwa kazi. Kuushika bure, mbele ya mkeo na wapangaji wenzako, kilikuwa kichekesho, na mimi na kuchekwa hatupatani hata leo.

Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Ua ule ulikuwa milki ya wanawake. Mama mwenye nyumba, mjane mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, alikaa chumba cha mbele, na hakuna jambo la chumba chochote lililompita. Mke wangu alimpenda sana. Mimi nilimpa shikamoo yake nikapita haraka.

Miaka hiyo sukari ilitafutwa kwa tochi. Ikifika kwenye duka la ushirika, balozi wetu wa nyumba kumi alipita kutangaza, na wanawake wakakimbilia foleni na vikapu vyao. Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Alipanga foleni na tumbo lake, na wenzake walipotaka kumpisha mbele alikataa, eti hakuwa mgonjwa. Kila mgawo ukija alichota nusu akaitia katika kopo la bati lililowahi kuwa la biskuti, akaliweka juu ya kabati. Nusu ya pili ikiisha tulikunywa chai hivyo hivyo, chungu. Siku moja nililalamika.

"Hiyo si yetu," akaniambia. "Ni ya wageni wa mtoto."

Aliona aibu ikija kutoka mbali: watu waje kumtazama mwanawe, kisha wapewe chai isiyo na sukari. Kwao Lindi jambo hilo halisameheki. Basi kopo likawa linajaa.

Mtoto alizaliwa amekufa. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingi na sijapata iliyo nzuri. Alikuwa wa kike. Wazee wa mtaa walinisaidia kumzika siku ile ile, mama yake akiwa bado hospitali. Hakuna aliyeniuliza jina, wala mimi sikufikiri kama lipo.

Mke wangu aliporudi alilala akaelekea ukutani, na huko ndiko alikobaki. Mama yake alikuwa kusini, na masika ilikuwa imekata barabara. Mama yangu mimi alikwisha kufariki. Wanawake wa nyumba ile walijitahidi, Mungu awalipe. Walileta uji wa mzazi wenye pilipili manga, walileta mchuzi wa kuku, na bakuli zilirudi kama zilivyokuja. Alikunywa maji tu. Hakulia, hakusema. Wiki ya pili mifupa ya mabega ilianza kumtokeza, na nesi wa zahanati akanivuta pembeni.

"Ndugu, huyu asipokula, utazika tena."

Nilimchukia nesi yule kwa maneno yake. Nilijua pia kwamba amesema kweli, na kuanzia siku hiyo sikuwa na jambo jingine kichwani ila hilo moja, mke wangu ale.

Mabosi wangu walitoka Amerika ya Kusini. Mume alifundisha chuoni. Walikuja kwa mapenzi ya Ujamaa, na nadhani waliupenda kuliko sisi tuliokuwa tunaupangia foleni. Mkewe hakutaka nimwite mama wala memsahibu. Alitaka nimwite ndugu, nami nilimwita ndugu huku nikimpigia pasi magauni. Kila Jumamosi alinifukuza kwenye jiko langu, akanisimamisha pembeni nijifunze, akapika kitu cha kwao, dulce de leche. Ni maziwa na sukari tu, basi. Anayachemsha kwa moto mdogo karibu saa mbili huku yanakorogwa bila kuachwa, mpaka yanakuwa mazito na rangi yanageuka kahawia kama ngozi ya tende. Ndani ya sufuria alitia kokoto tatu laini alizookota ufukweni. Maziwa yakichemka, kokoto zinachezacheza na kuyazuia yasigande na kuungua. Mwishoni kabisa mwa mafunzo yake alinionyesha siri ya pili: chembe ya ule unga mweupe wa kuumulia keki, ili maziwa yasikatike na rangi ikolee.

Alipojua yaliyonipata alinipa chupa nzima ya kitu hicho. "Kwetu mtu akikosa hamu ya kula, tunampa hiki kwa kijiko," alisema. Nikakileta nyumbani kwa matumaini makubwa, nikakiweka karibu na kichwa cha mke wangu pamoja na kijiko. Alikitazama, akageuka. Siku ya tatu nilikuta sisimizi wamejaa ndani.

Nikatoka uani kuimwaga ile chupa, nikinung'unika kwa sauti kwamba mimi nimefanya yangu yote. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Yepi hayo? Makombo ya Osta Bei? Wee baba, kutwa unajiita mpishi. Umewahi kumchemshia mkeo japo maji ya chai?"

Nilibamiza mlango wa uani mpaka vumbi la ukuta likashuka, na nikaazimia kutafuta chumba kwingine, Ukonga huko, hata jirani na gereza. Hasira ile nilitembea nayo siku mbili. Siku ya tatu nilichoka kuibeba, nikaona kilichokuwa chini yake. Mke wangu alinipikia kila siku kwa miaka miwili, na mimi nilijua wageni wangapi wa bosi hawali vitunguu, lakini sikujua mke wangu anapenda nini.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yangu ya mapumziko, nikaazimia kumpikia kitu kile kwa mkono wangu. Asubuhi nilimvizia muuza maziwa wa baiskeli aliyetoka Kimara, ambaye maziwa yake, kwa kusema haki, yalikuwa na kisima zaidi ya ng'ombe. Nikatafuta sukari. Dukani hakuna, kwa balozi hakuna. Nikarudi chumbani nikasimama katikati, na nilijua tangu mwanzo ningeishia wapi kutazama.

Nilipanda juu ya kigoda nikalishusha kopo. Mke wangu alikuwa ameelekea ukutani. Sikumwomba ruhusa. Kama angekataa ningelirudisha, na kama angeinua mabega tu bila neno, nisingeweza kuvumilia. Likikaa pale juu kila siku anaamka akiliona, nikajiambia, na likiisha je? Nikatoka nalo chini ya kwapa kama mwizi.

Uani walikuwapo wote. Nilipowasha jiko la mkaa, mazungumzo yalikatika.

"Shemeji, kwema?" akauliza mmoja.

"Kwema."

"Mie nimekaa mjini hapa miaka yote, sijaonaga mwanamume akipuliza jiko la nyumbani kwake," akasema wa pili, na walipoona natia kwenye sufuria kokoto tatu nilizookota ufukweni jana yake vicheko vikawashinda. "Jamani! Mke ana njaa, mume anapika mawe!"

Masikio yaliniwaka. Ningekuwa mtu wa jana ningepiga teke jiko. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa, nikakoroga. Kokoto zikaanza kugonga sufuria, ko ko ko. Nikakumbuka ule unga wa keki nimeuacha kazini. Mpangaji mmoja akanipa bonge la magadi analolainishia kunde, nikalivunja, nikatia kwa kukisia. Povu likapanda mpaka nikainua sufuria kwa mikono mitupu. Wakacheka tena, lakini mmoja akanitupia kitambaa cha kushikia.

Saa mbili ni nyingi ukiwa unakoroga mbele ya watu. Vicheko viliisha vyenyewe. Mmoja alinipunguzia mkaa bila kuombwa. Mama mwenye nyumba alisogeza kigoda chake upande wa moshi, akaendelea na mchele wake. Maziwa yakawa rangi ya chai, kisha rangi ya mchanga uliolowa, kisha ile kahawia yenyewe, yanang'aa. Uzito ulipokolea, kokoto zikanasa na mlio ukakoma. Nikaipua, nikachota kidogo, nikaonja.

Sabuni. Sabuni tupu ya kufulia, yenye utamu. Kukisia kwangu kuliharibu kila kitu, na kopo lilikuwa tupu pale miguuni pangu, foleni zote zile alizosimama na tumbo lake. Nilitamani ua upasuke unimeze.

"Mbona mawe yamenyamaza?"

Niligeuka. Alikuwa amesimama mlangoni, khanga kajifunga kifuani, mkono mmoja umeshika ukuta. Wiki tatu sikuwa nimeisikia sauti ile, na ilikuwa imekwaruza kama ya mtu mwingine. Alikuwa ameyasikiliza muda wote ule, ko ko ko, kule ndani.

Akaja polepole, akachukua mwiko mkononi mwangu, akaonja kwa ncha ya kidole. Uso ukamkunjamana.

"Umetia magadi kiasi gani? Hizi ni kunde?"

"Nilikisia," nikasema.

"Mpishi mzima." Akaketi kwenye kibao nilichompisha. "Ndimu ipo?"

Ndimu zilitokea kutoka vyumba vitatu kwa mpigo. Akakamua matone, povu jepesi likapanda likatulia, akakoroga, akaonja, akakamua tena. Hakuniachia mwiko. Hatimaye akaninyooshea nionje. Haikuwa tena ile ya mabosi wangu. Ilikuwa na uchachu kwa mbali, na mimi mpaka leo naiona bora kuliko yao.

Kisha akaliona kopo.

"Sukari umetoa wapi?" aliuliza, ingawa alikuwa analitazama.

"Juu ya kabati."

Nilijitayarisha kwa lolote. Matusi ningeyapokea kwa shukrani. Aliinama juu ya sufuria, akachota kijiko akala. Akachota cha pili. Nilikuwa navihesabu moyoni kama bahili, na kilipofika cha tano ilinibidi nitazame ukuta.

"Lete visahani," akasema. "Vitano. Uwapelekee mwenyewe. Waambie ni ya kumtazamia mtoto."

Sikujua wanawake wale watafanya nini. Waliinuka mmoja mmoja bila kusemezana, wakakung'uta khanga zao, kila mmoja akaingia chumbani kwake na kufunga mlango, ili nije nibishe hodi kama inavyotakiwa. Yule aliyesema napika mawe ndiye aliyetangulia kuondoka.

Nilianza na chumba cha mbele. Mama mwenye nyumba alifungua, amejitanda khanga safi kichwani. Akapokea kisahani kwa mikono miwili.

"Hongera, baba. Mtoto anaitwa nani?"

Yule mama aliyejua mambo ya kila chumba alinisubiri bila kunidhihaki. Ikabidi nirudi uani.

"Wanauliza jina," nikamwambia mke wangu.

Alikuwa anakwangua mwiko. "Nilimwita kwa jina la mama yako," alisema. "Tangu alipoanza kucheza tumboni. Nilikuwa nangoja azaliwe nikwambie."

Nilienda mlango hadi mlango nikilitaja jina la mama yangu. Siliandiki hapa, ni letu. Kwenye mlango wa kwanza lilitoka kwa kunong'ona. Kwenye wa tano nililisema kwa sauti kamili, na mpangaji akalirudia, akasema ni jina zuri.

Niliporudi, mke wangu alikuwa ameweka sufuria katikati ya miguu yake na kunisogezea kigoda. Nyumbani kwa wazazi wetu, kwao na kwangu, sufuria ya kitu kitamu ilikombwa na mtoto, ni haki yake wala haombi. Tukazitoa zile kokoto tatu, tukaikomba wenyewe.