Kengele ya Banda la Karafuu

Karafuu mbichi zilizonyeshewa zina harufu nzito inayokaba koo, kama kitu kitamu kilichoanza kuoza. Harufu hiyo ilijaa nyumba yetu ya Wingwi msimu wa vuli niliotimiza miaka kumi. Jua lilikuwa adimu, majamvi hayakukauka, na karafuu zilikuwa zikiota ukungu mikononi mwetu. Baba yangu, Seif, aliyerithi shamba lile kwa wazee wake waliotoka Omani, akaamua kujenga banda la kukaushia kwa moto: kuta za mawe, paa la bati, handaki la makumbi ya nazi yanayowaka chini, na vichaga vya karafuu juu yake. Kazi ya kuchochea moto na kugeuza karafuu alipewa Mzee Khamis wa Msuka, aliyefiwa na mkewe na kuzoea kuzungumza peke yake. Mimi nilimpelekea chakula kila adhuhuri, naye hakunirudisha mikono mitupu; alinisukia vikapu vidogo vya ukindu.

Baba aliogopa joto likizidi karafuu zitaungua, banda nalo liwake. Akamwita kutoka Unguja Fundi Rajabu, mtu mpole aliyewahi kufanya kazi za simu za upepo. Alikuja na ulimi mwembamba wa metali mbili zilizoshikamana, moja ikitanuka upesi kuliko nyingine. Joto likizidi, ulimi hupinda, hugusa skrubu, umeme wa betri iliyo chini ya kengele hupita, na kengele hulia ukumbini kwetu. Nilimfuata siku nzima, naye hakunifukuza. Alizipitisha waya mbali na dohani, kila moja kwenye kikombe chake cha kaure, zisije zikakutana zikiwa wazi. "Zuwena," aliniambia, "kabla hujagusa waya yoyote, ifungue betri kwanza. Bila betri kengele hii ni bati tu." Alipomaliza, aliweka kaa la moto chini ya ule ulimi. Niliutazama ukijipinda polepole, pasipo mkono wa mtu, na mwili ukanisisimka. Nyumbani kengele ikalia, na bibi yangu Moza, mama wa baba, akamwaga kahawa.

Juma lile lile kengele ililia mara mbili moto ukiwa umezimwa. Fundi alikwisha rudi Unguja. Baba aliifuata waya hatua kwa hatua, akakuta panya wametafuna kitambaa kilichoifunika na shaba mbili zinagusana upepo ukivuma. Aliifunga upya, akatuonyesha sote. Lakini Bi Time, mkubwa wa wanawake waliochambua karafuu uani kwetu, alitikisa kichwa. "Panya wametafuna, sawa. Na panya aliyewatuma nani? Pale pana wenyewe." Tangu siku hiyo hakuna aliyekaribia banda ila Mzee Khamis na mimi, na kwa kweli mimi nilikuwa nikienda mbio na kurudi mbio.

Siku ninayoisimulia, baba alikuwa Wete. Mvua ilikuwa imekatika, na kulikuwa na kimya cha ajabu, hata kuku hawakulia. Nilikuwa uani na wanawake kengele ilipolia, si kwa vipande kama zile mara mbili, bali kwa mfululizo, kama mtu anayebisha na hataki kuondoka. Mikono yote ikasimama juu ya karafuu. "Msiende," alisema Bi Time. "Inatuita." Nilikumbuka Mzee Khamis yumo ndani. Sijui nilipata wapi miguu. Nilipofika, moshi ulikuwa ukitoka chini ya mlango, na komeo la nje, gogo zito la mkungu, lilikuwa limeanguka mahali pake na kuufunga. Nililisukuma kwa bega mpaka likaruka. Joto likanipiga usoni. Mzee Khamis alikuwa amelala kifudifudi karibu na kizingiti. Nilipiga ukelele nikimvuta kanzu, na mtu wa kwanza kunishika kiuno na kuvuta pamoja nami alikuwa Bi Time, akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya kutetemeka. Tulimtoa. Alikohoa, akatapika, akaishi.

Nilirudi nyumbani kumwambia bibi. Nilimkuta amekaa chini ukumbini, mgongo ukutani, macho yakiikodolea kengele iliyokwisha kunyamaza. Waya ya betri ilikuwa ikining'inia.

"Bibi, umeifungua?"

"Nimeifungua tangu asubuhi, mwanangu. Baada ya chai. Nilikuwa naiogopa." Akafungua pindo la kanga yake, akanionyesha nati ya shaba iliyokuwa ikiishika waya kwenye betri.

Baba aliporudi alimwuliza swali hilo mara tatu, kwa adabu, na mara tatu alijibiwa vile vile. Alikwenda kuikagua waya yote hadi bandani, akaikuta nzima. Kesho yake aliing'oa kengele kwa mikono yake, na tangu hapo alimlipa mtu wa pili kukaa na Mzee Khamis.

Siku hizi nakaa Chake Chake kwa mwanangu. Mwezi uliopita alikuja fundi kijana kufunga kidude cha ukutani kinachowasha na kuzima mashine ya baridi chenyewe. Alizima umeme kwanza, akapima waya, akazifunga vizuri; nilisimama nyuma yake mpaka mwisho, naye akacheka, "Bibi, usiogope, ni kidude tu." Kazi yake safi, sina la kusema. Wajukuu hawakigeukii hata kikilia tik katikati ya mazungumzo. Mimi hukaa nao, nikafaidi ubaridi. Wakitoka wote, nami huchukua mkeka wangu nikakaa barazani kwenye joto.