Hatuuzi Kabla ya Miaka Ishirini

Nsajigwa Mwaisaka alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kupokelea majani ya chai, Masukulu, kwa miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyewahi kusema kwamba amepunjwa kilo. Barua ya kupunguzwa kazi ilipomfikia mwaka 1997, aliisoma amesimama kando ya mizani ileile. Shirika la serikali lilikuwa linaondoka, viwanda vinapewa wenye mitaji, na watu kama yeye wanapewa mkono wa kwaheri pamoja na kiinua mgongo.

Wenzake waliopunguzwa naye walifanya kila mtu lake. Mmoja alinunua pikapu iliyokufa mwaka uliofuata kwenye mteremko wa Suma. Mwingine alifungua baa, akawa ndiye mnywaji wake mkubwa. Nsajigwa aliezeka nyumba bati, fedha iliyobaki akaiweka benki, akarudi kwenye migomba na shamba lake la chai. Kwa miaka miwili hakuigusa. Mkewe, Tupokigwe, hakumuuliza hata siku moja fedha ile itafanya nini. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Jambo likishapangwa halikuwa na haja ya kusemwa tena.

Mwaka 1999 ndipo Jaffari alipomwonyesha gazeti. Jaffari alikuwa na duka la misumari, rangi na vitasa pale Tukuyu mjini, na kando ya duka kibanda cha simu ya kulipia. Alikuwa rafiki wa Nsajigwa tangu enzi za ushirika. Gazeti lilisema kiwanda cha saruji kilichokuwa cha serikali kinauza hisa kwa wananchi, na fomu zinapatikana benki.

"Saruji naiuza mimi mwenyewe," alisema Jaffari. "Ikifika asubuhi, saa saba imekwisha. Watu wanajenga, ndugu yangu. Lakini wanasema mwenye haraka asinunue hisa. Hii ni kama kupanda miti."

Jioni ile Nsajigwa alimweleza mkewe kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili cha gazeti kilikuwa kigumu hata kwake. Alimwambia kwamba hisa ni kipande cha kiwanda. Kiwanda kikipata faida, mwenye kipande anapata gawio. Bei ya kipande inaweza kupanda, inaweza kushuka, na anayeshinda ni yule anayekaa.

"Kukaa miaka mingapi?" aliuliza Tupokigwe.

"Tuseme ishirini."

Tupokigwe alifikiri. Binti yao wa pekee, Doreen, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wengine wawili walikuwa wamezikwa nyuma ya nyumba wakiwa wachanga. "Basi tuandike," alisema, "tusije tukasahau tulichokubaliana."

Wakaandika kwenye daftari la shule la Doreen: Hatuuzi kwa hofu. Hatuuzi kwa tamaa. Hatuuzi kabla ya mwaka 2019. Nsajigwa akatia sahihi, na Tupokigwe akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa zilizoegemeana. Kesho yake wakanunua hisa elfu moja na mia mbili, kwa shilingi mia tano kila moja.

Mwaka 2001 bei ilianguka. Nsajigwa alikuwa na desturi ya kupita dukani kwa Jaffari kila Jumamosi, siku ya pili tangu gazeti litoke Dar es Salaam, na wiki hadi wiki tarakimu ilikuwa inapungua kama mtu anayekonda. Mia nne na kumi. Mia tatu na hamsini. Siku Jaffari alipomsomea mia mbili na thelathini, Nsajigwa alirudi Masukulu kwa miguu ingawa nauli alikuwa nayo. Alifika nyumbani amelowa chapa, akamwambia mkewe kwamba Jumatatu anapiga simu kwa dalali wa hisa, auze kilichobaki kabla hakijawa sifuri.

Tupokigwe alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Kiwanda kimefungwa?"

"Hapana."

"Hawachomi tena saruji?"

"Wanachoma."

"Jaffari haiuzi?"

"Anauza. Haimtoshi."

"Sasa kilichopungua ni nini, Baba Doreen?"

"Bei."

"Bei ni ya anayeuza. Wewe unauza leo?"

Tupokigwe akamwambia kwamba chai ikipogolewa inabaki vijiti vitupu, mgeni akipita anadhani shamba limeungua, na hakuna mkulima anayeng'oa vijiti vile. Kisha akasema jambo ambalo mumewe hakulitegemea. Kama bei iko chini, basi hisa ni rahisi, na yeye ana fedha kidogo ya ndizi.

Tangu mwaka ule, kila Januari walinunua. Gawio lilipokuja halikuliwa, lilinunua hisa nyingine. Tupokigwe alipeleka ndizi soko la Tukuyu na kuokoa nauli kwa kubeba mkungu kichwani kutoka nyumbani hadi barabara kubwa. Aliacha kununua vitenge. Doreen alipochaguliwa chuo cha uuguzi Mbeya, mwaka 2004, watu wa ukoo walitegemea zile hisa ziuzwe. Waliuza ng'ombe. Ng'ombe alipokuwa anakokotwa, Tupokigwe alisimama mlangoni, akasema ng'ombe huzaa ng'ombe, watapata mwingine. Hawakupata. Lakini bei ilikuwa imerudi mia tano, ikapita, na mwanzoni mwa 2006 ikafika mia tisa. Walikuwa na hisa karibu elfu mbili. Nsajigwa alianza kulala usingizi mzuri. Njiani watu walimwita mwanahisa, kwa utani wenye heshima ndani yake.

Machi mwaka huohuo Doreen alikuja likizo. Siku ya tatu alimfuata baba yake shambani. Alikuwa amevaa viatu vya mjini, ameingia navyo kwenye matope bila kujali.

"Baba, umemwona mama?"

"Yuko nyumbani."

"Nauliza umemwona. Titi la kushoto."

Nsajigwa alisimama na majani ya chai mkononi. Alijua mkewe amepungua mwili. Alijua kwamba tangu masika yaliyopita amekuwa akibeba kapu upande mmoja, akisema ni bega. Alijua pia kwamba anajifunga kanga kifuani hata wakati wa kulala, akisema ni baridi, na kweli Rungwe kuna baridi.

"Mnalala kitanda kimoja, Baba," alisema Doreen. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

Walipoingia nyumbani, Tupokigwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, na usoni mwake ilionekana kwamba amejua wameambiana. Alifungua kanga mwenyewe. Uvimbe ulikuwa umekaza ngozi yote ya upande ule, na mahali pamoja palikuwa pamechimbika na kutoa maji. Nsajigwa aliangalia, halafu akaangalia ukuta.

"Umeuona lini?"

"Mwaka juzi. Tulipokuwa tunapalilia mahindi. Ulikuwa kama punje."

"Na hukuniambia."

"Ungeuza," alisema Tupokigwe.

Baadaye akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba punje ile haikuuma. Alifikiri itakaa miaka mingi bila kukua, kama inavyokaa kwa wengine. Na mwaka ule bei ilikuwa ndiyo kwanza inarudi, na Doreen ndiyo kwanza anaingia chuo, na wao walikuwa wameandika.

Kanisa lilichanga nauli ya Mbeya. Daktari wa huko, kijana mpole, alichukua kipande cha nyama, akawaita baada ya wiki mbili. Alisema ni saratani, inabidi waende Dar es Salaam. Matibabu yenyewe serikali inasaidia, lakini watakaa huko miezi, wawe na pa kulala na pa kula, na dawa nyingine watanunua. Doreen alimuuliza faraghani kama kuna matumaini. Daktari akamwambia kwamba mwaka mmoja na nusu nyuma angemjibu vingine.

Nsajigwa hakusubiri kufika nyumbani. Alipiga simu kwa dalali akiwa palepale stendi ya Mbeya, kwa simu ya mkononi ya Doreen. Aliyepokea alijitambulisha kuwa ni Yusra, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Uza zote," alisema Nsajigwa.

"Mzee wangu, zote ni nyingi kwa mara moja. Soko letu bado dogo. Nakushauri nusu kwanza."

"Basi nusu. Fedha naipata lini?"

"Akipatikana mnunuzi."

Nsajigwa alidhani hakusikia vizuri. "Gazeti linasema mia tisa."

"Ndiyo, bei ya mwisho ni mia tisa. Ila hiyo iliuzwa wiki tatu zilizopita. Sasa hivi kuna wauzaji kwenye foleni, wanunuzi hakuna. Inabidi tungoje, mzee wangu."

Miaka saba alikuwa amejifunza kungoja, na alijiona hodari wa kazi hiyo. Lakini kungoja kule kulikuwa kwa mtu aliyeamua kutouza. Huku hakukujua. Wiki ya kwanza alipiga simu mara mbili, na wiki ya pili kila siku. Yusra hakuchoka naye. Alimwambia ashushe bei, wakashusha hadi mia nane. Wakashusha hadi mia saba. Jaffari alipita kwa wafanyabiashara wote anaowajua Tukuyu akiuliza kama kuna anayetaka hisa. Walimsikiliza kwa adabu, wakamuuliza hisa zinaliwaje. Basi akatoa fedha yake mwenyewe, akaileta Masukulu kwenye bahasha. Tupokigwe aliirudisha.

"Mimi sasa siwezi kukaa kwenye basi, Shemeji," alimwambia. "Ndaga, asante sana. Kanunulie saruji."

Kweli hakuweza. Mwezi wa tano maumivu yalikuwa yameingia mgongoni. Doreen aliomba ruhusa chuoni akarudi kumuuguza, akimgeuza kila baada ya saa chache. Kilichobaki kwa Nsajigwa kilikuwa kuchota maji, kupika uji na kukaa karibu. Siku moja, ametulia kidogo, Tupokigwe alimuuliza bei.

"Mia saba."

"Imeshuka?"

"Tumeishusha sisi. Tunauza."

Tupokigwe alifumba macho. "Kwa hofu," alisema. Haikujulikana kama anauliza au anamlaumu, na Nsajigwa hakupata nafasi ya kumuuliza, maana tangu siku ile maneno yake yalikuwa ya maji na ya kugeuzwa tu.

Alikufa tarehe nne Juni, asubuhi ya mvua nyembamba. Walimzika kando ya watoto wake wawili. Siku ya kumi na moja tangu mazishi, Yusra alipiga simu kwa furaha kusema mnunuzi amepatikana, tena kwa mia saba na hamsini. Nsajigwa alimshukuru. Hakumwambia. Msichana wa watu alikuwa amejitahidi, angemtwisha mzigo wa nini?

Fedha ile ilimaliza ada ya Doreen na kujenga kaburi la sementi. Mafundi walitaka mifuko minane ya saruji. Jaffari alileta kumi, akakataa malipo.

Nusu ya hisa ilibaki. Nsajigwa alikwenda Mbeya na fomu za kuhamisha jina, ziwe za binti yake. Doreen, ambaye sasa alikuwa muuguzi aliyeajiriwa, alizisoma mbele yake kwenye benchi la nje ya wodi, akazikunja, akamrudishia.

"Hapana, Baba."

"Mama yako alizitaka ziwe zako."

"Najua alichotaka." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Kila mwezi napokea kina mama wanaokuja wamechelewa. Nawauliza kwa nini. Kila mmoja ana sababu yake nzuri. Sitaki kuwa na karatasi ya sababu ya mama."

Nsajigwa alirudi na fomu zake. Hundi za gawio ziliendelea kuja kwa posta, kubwa kila mwaka kuliko za mwaka uliotangulia, maana nchi ilikuwa inajenga na bei ilikuwa imepita elfu moja na mia tatu. Hakuzipeleka benki. Hakuzichana wala hakuzificha. Alizilaza juu ya kabati, na baada ya miezi sita zikapitwa na muda. Vijana wa chama cha wakulima walimfuata awafundishe habari za hisa, yeye aliyeziona zikishuka asiogope. Aliwaambia aliyekuwa haogopi amefariki. Walidhani anawanyima, wakaondoka wamenuna.

Krismasi ya 2009 Doreen alikuja nyumbani, na alipokuwa anafuta vumbi alikuta zile hundi, na juu yake barua iliyofunguliwa. Ofisi ya msajili wa hisa ilikuwa inauliza kama mwanahisa Mwaisaka bado yu hai, kwa kuwa gawio lake halijachukuliwa miaka mitatu.

"Umewajibu?"

"Bado."

"Barua ni ya Agosti."

"Sikujua niandike nini, mwanangu."

Doreen alikaa mezani. Aliomba kalamu, akaandika mistari michache kwamba mwanahisa Mwaisaka yu hai, akamsogezea baba yake. Nsajigwa hakuisoma. Alitia sahihi pale kidole cha binti yake kilipoonyesha, na mkono wake ulikuwa umeisahau sahihi hiyo, ikabidi airudie. Kisha wakatoka kuchuma chai, kwa kuwa majani yalikuwa yamepita siku zake. Walimaliza mistari miwili, mvua ikaanza, wakarudi ndani.