Pumzi Ndani ya Kioo

Wewe cheka kwanza, ukimaliza nikusimulie. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Umbilo, karibu na bandari, na picha yenyewe ninayo kwenye mkoba huu.

Aliingia mzungu mzee, anahema kama aliyebeba gunia. Akaweka mezani picha ndogo, yaenea kiganjani: ofisa wa meli za kivita wa zamani, amechorwa kwa rangi, koti la buluu, vifungo vya dhahabu. Kioo chake kilikuwa kimepasuka. Alitaka nimkatie kipya. Nikajiambia, mimi nabadilisha vioo vya simu kutwa, hiki kitanishinda nini?

Sisi mafundi wa simu tuna tabia moja. Kabla ya kugandisha kioo tunakipulizia pumzi, tunakifuta, tunafunga. Nilipuliza, lakini kwa haraka zangu sikufuta. Nikafungia ukungu wa pumzi yangu mle ndani.

Haukukauka. Niamini, ulikuja na kuondoka mdomoni mwa yule ofisa, na kila ulipokuja, kifua kilinibana.

Yule mzee, aliyekuwa akingoja kwenye stuli, alichungulia, akavuta hewa ndefu, machozi yakamtoka.

"Nisamehe, dada," alisema. "Miaka yote hii alitumia pumzi yangu, sasa amechukua yako. Huyu haendi mbali na bahari, na wewe hutakwenda."

Akaiacha picha, akapanda kilima cha Glenwood bila kuhema. Sijamwona tena.

Nilimdhani mwendawazimu, mpaka kaka yangu aliponipigia kutoka kwetu Uvira. "Dada, mama iko mgonjwa sana. Anakuita wewe tu."

Nikapanda basi la Johannesburg, ndiyo njia ya kwenda kwetu, picha mkobani. Tulipopita Pinetown, bahari tumeiacha nyuma, ukungu ulitoweka kwenye kioo na mimi pumzi ikakatika. Nilishushwa barabarani, siwezi hata kutaja jina langu. Waliponirudisha mjini na bandari ikaonekana, nikapumua. Safari ya pili niliiacha picha nyumbani, ikawa vibaya zaidi. Kukivunja kioo? Bisibisi ikikigusa tu, nazimia.

Mama amezikwa. Mazishi nimeyatazama kwenye simu, nimekaa juu ya stuli ile ile. Naumia, na naona haya, na hakuna anayeniamini nikieleza kwa nini sikwenda.

Basi sikia. Ukiletewa picha ya zamani, shika kitambaa, usiipulizie. Na mwangalie vizuri aliyeileta. Kama anahema, mwambie huna kioo, afunge safari yake.

Wiki iliyopita kioo kilipasuka chenyewe, na tangu hapo nahema kutwa nzima kama yule mzee. Mtaa wa pili kuna fundi mwingine, dada mpole, tunasali kanisa moja. Kila asubuhi nafika mlangoni kwake na huu mkoba, ananisalimia, narudi bila kuufungua. Leo baba amenipigia kutoka Uvira. Anauliza nitakwenda lini.